Upawa Uliotangulia Tumbo

Tihomir alikuwa mwendesha winchi mjini Nish. Aliendesha ile winchi ndefu ya mnara, inayojengea maghorofa. Asubuhi alipanda ngazi ya chuma mpaka kwenye kibanda cha juu, akakaa humo mpaka jioni.

Mchana hakula. Kushuka kula na kupanda tena kulichukua muda, na msimamizi hakupenda kuona winchi imesimama. Asubuhi Tihomir alikunywa kahawa tupu. Kule juu alikuwa na chupa mbili kubwa za juisi tamu ya dukani. Basi.

"Mimi nakula mara moja kwa siku," alipenda kuwaambia wenzake. "Mara moja! Na bado nanenepa. Mungu ananitania."

Mara moja hiyo ilikuwa jioni. Aliingia nyumbani, akanawa mikono, akaketi mezani na jaketi bado mwilini. Mama yake, Vidosava, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na upawa mkononi.

Kwanza ilikuja supu ya tambi. Halafu pilipili hoho zilizojazwa nyama na wali. Mkate mweupe ulikuwa pembeni, umekatwa vipande vinene. Kila bakuli lilipokaribia kuisha, upawa ulirudi.

"Mama, inatosha," Tihomir alisema.

"Inatosha nini? Umekula kama shomoro."

"Nimekula hoho tatu."

"Zilikuwa ndogo."

"Bibi, zilikuwa kubwa kama viatu vyangu," alisema Neda, binti wa Tihomir. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na mdomo wake haukupumzika.

"Nyamaza wewe. Baba yako anafanya kazi mbinguni huko. Anahitaji nguvu."

Katika nyumba nyingi za Nish, mpishi haketi wakati watu wanakula. Husimama na kuangalia sahani. Mlaji akisema hapana mara ya kwanza, hiyo ni adabu tu. Mara ya pili, anaona haya. Mara ya tatu hakuna anayemsikiliza, anapakuliwa. Ndivyo wageni wanavyotunzwa. Vidosava alimtunza hivyo hivyo mwanawe wa kumzaa, kila siku ya Mungu.

Kabla taarifa ya habari haijafika nusu, Tihomir alikuwa amemaliza kila kitu. Ndipo tumbo lilipoanza kumbana. Alilegeza mkanda, akahamia kwenye kochi, akaanza kukoroma.

Grozdana, mkewe, alimtazama. Alikuwa karani wa posta, mwanamke asiyezungusha maneno.

"Mama," alimwambia Vidosava, "huyu ameongezeka tena. Nimemnunulia suruali mpya mwezi uliopita, na leo haifungi."

"Nguo za siku hizi zikifuliwa zinanywea," Vidosava alijibu, akaanza kuosha vyombo.

*

Mwisho wa majira ya baridi, jambo likatokea kazini.

Ilikuwa mchana. Tihomir alikuwa ameinua mzigo wa mbao. Chini alikuwepo rafiki yake Bogosav, mpiga ishara. Kazi ya Bogosav ni kumwongoza Tihomir kwa redio ya mkononi, kwa sababu aliye juu mara nyingi hauoni mzigo unapofikia.

"Shusha," Bogosav alisema.

Kimya.

"Tihomir, shusha, bwana."

Mbao zilining'inia hewani, zikizunguka taratibu. Mafundi walianza kutazama juu. Bogosav aliwaondoa wote chini ya mzigo, akapiga kelele kwenye redio mpaka sauti ikamkauka.

"We Tihomir! Umekufa?"

"Nipo, nipo," sauti ikajibu mwishowe. "Nilifumba macho kidogo."

Mzigo ulishuka salama. Hakuna aliyeumia. Lakini aliyesinzia na mbao juu ya vichwa vya watu hawezi kuambiwa "pole" na mambo yakaisha. Kesho yake alipelekwa kupimwa.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi. Aliyasoma majibu, akavua miwani.

"Sukari kwenye damu iko juu. Si kidogo. Hiki ni kisukari cha aina ya pili, kimeshaanza. Presha iko juu. Ini lina mafuta. Na unasinzia mchana."

"Daktari, mimi nakula mara moja tu kwa siku."

"Hilo sijakuuliza bado. Nitakupa vidonge. Na sitakuandikia kwamba unafaa kupanda. Utafanya kazi ya chini mpaka vuli, kisha urudi tukupime tena."

"Na nikirudi hivi hivi?"

"Ukirudi hivi hivi, basi winchi utaiangalia kwa chini tu. Nikikuruhusu leo na kesho ukasinzia tena, tutakuwa wawili wenye kosa."

Tihomir alipelekwa stoo. Aligawa glovu, misumari na kofia ngumu. Kijana mmoja alipewa winchi yake. Kila mara Tihomir aliposikia mota ikinguruma huko juu, alitoka mlangoni na kutazama. Kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu kabla Neda hajazaliwa. Hakujua kazi nyingine, na hakutaka kuijua.

*

Vidosava aliposikia habari, alilia kwanza. Halafu akafuta machozi kwa aproni na kutoa dawa yake.

"Kwaresima imefika. Utafunga. Nyama hakuna, mayai hakuna, maziwa hakuna. Mpaka Pasaka utakuwa mwembamba kama kijana."

Tihomir alifunga kweli. Hakugusa nyama. Hakugusa jibini. Alikula nini? Alikula mkate mweupe na jemu ya plamu. Alikula viazi vya kukaanga. Alikula halua ya ufuta, kipande baada ya kipande, na biskuti zilizoandikwa kwamba zinafaa kwa mfungo. Mama yake alisimama nyuma ya kiti na upawa kama kawaida. Sasa alikuwa na huruma zaidi, maana mtoto alikuwa amefunga.

Wiki ya Pasaka Tihomir alipanda kwenye mizani.

"Imeharibika hii," alisema.

Grozdana akapanda. Mizani ilikuwa nzima.

"Umeongezeka," alisema.

"Lakini nimefunga kama mtawa!"

"Mtawa gani anamaliza nusu kilo ya halua akitazama mpira?" aliuliza Neda.

Tihomir hakucheka. Aliketi ukingoni mwa bafu.

"Labda ndivyo nilivyo," alisema polepole. "Mlafi. Sina uwezo wa kujizuia. Kijana yule abaki na winchi."

Grozdana aliketi kando yake. Alikuwa amezoea kumgombeza mumewe, hakuzoea kumwona amekata tamaa.

*

Mtaani kwao kulikuwa na muuguzi wa kutembelea majumba, jina lake Desanka. Alikuja mara kwa mara kumpima Vidosava presha. Siku hiyo alikuja jioni, akaikuta familia mezani.

"Endeleeni kula," alisema. "Mimi nitasubiri."

"Hasubiri mtu hapa bila sahani," Vidosava alisema, na sahani ikatua mbele ya Desanka kabla hajafungua mkoba.

Desanka alikula taratibu, akiwatazama wenzake. Alimwona Tihomir akimaliza bakuli la kwanza. Aliuona upawa ukirudi. Tihomir alipoweka kijiko chini, Desanka alikuwa bado nusu.

"Umeshiba?" alimuuliza.

"Bado. Nitashiba baadaye, kwenye kochi. Hapo nashiba mpaka naumwa."

Desanka akaacha kutafuna. "Hebu rudia."

"Nashiba baadaye. Kwani wewe si hivyo?"

"Tihomir, kule juu ukishusha mzigo nyuma ya ukuta, unauona?"

"Siuoni. Bogosav ndiye anauona. Ananiambia kwa redio: shusha, shusha, polepole, simama."

"Na wewe ukishusha kwa kasi kuliko anavyosema?"

"Nabomoa ukuta. Au naua mtu."

"Sawa. Ubongo wako ndio uko kibandani. Hauoni kilichomo tumboni. Wanaoona ni tumbo na utumbo, wako chini. Tumbo likitanuka, linatuma habari juu kwa mishipa ya fahamu. Chakula kikifika kwenye utumbo, utumbo unatoa homoni. Hizo ni kemikali zinazobeba ujumbe. Nyingine zinapita kwenye damu, nyingine zinaigusa ile mishipa ya fahamu. Zote zinaupelekea ubongo habari moja: chakula kimefika, polepole sasa, simama."

"Basi mbona mimi sisikii simama?"

"Unaisikia. Umeniambia mwenyewe, unaisikia kwenye kochi. Ujumbe huo unahitaji kama dakika ishirini kufika vizuri. Wewe unamaliza kula kwa dakika ngapi?"

"Kumi," alisema Neda. "Akichelewa."

Tihomir alihesabu kwa vidole. Halafu akaangua kicheko.

"Kwa hiyo nateremsha zege lote wakati Bogosav bado anafungua mdomo!"

"Umenielewa."

"Na ile juisi ya kazini?" Grozdana aliuliza. Alikuwa amengoja nafasi hiyo siku nyingi. "Chupa mbili, kila siku."

"Juisi ni mzigo unaopita na Bogosav anauona kwa shida. Haitafunwi, haikai tumboni, inapita mbio. Sukari yote inaingia kwenye damu, na ubongo hauhesabu kama umekula. Jioni njaa iko pale pale."

"Lakini mimi sili mchana kutwa," Tihomir alisema. "Hiyo si inasaidia?"

"Wako wanaokula mara chache kwa mpango na ikawafaa. Wewe huna mpango. Wewe una njaa. Tumbo tupu nalo lina homoni yake, hiyo inasema leta, leta. Ukishinda njaa kutwa, jioni inapiga kelele. Unakaa mezani na kelele hiyo kichwani. Nani angekula taratibu?"

Tihomir alitazama mikono yake. "Nilidhani ni ulafi tu. Kwamba sina akili ya kujizuia."

"Sikiliza, nikwambie wazi. Mwili ukinenepa kwa miaka mingi, ubongo unaanza kuwa kama kiziwi kwa ishara za shibe. Ishara zinatumwa, zinasikika kwa mbali. Hiyo si tabia mbaya, ni mwili unavyofanya kazi. Huwezi kuushinda kwa kujitukana. Unausaidia ishara zake zisikike."

"Na mfungo?" Vidosava aliuliza kwa sauti ndogo. "Tulifunga sawasawa."

"Mama Vidosava, mfungo ni wa roho, sina neno nao. Lakini mkate mweupe na jemu havijui kwamba ni Kwaresima. Vinakuwa sukari mwilini upesi sana, na njaa inarudi upesi vile vile."

Vidosava aliweka upawa kwenye meza.

"Sema tu, binti yangu. Sema kwamba ni mimi. Nimemjaza mimi. Nimemuua mwanangu kwa mikono yangu."

"Mama, acha hayo," Tihomir alisema.

"Utotoni tulikula maharage mpaka tukayachukia! Maharage na kabichi ya kuchachusha, na mkate mweusi mgumu kama kiatu. Nyama tuliiona sikukuu. Niliapa mtoto wangu hataulizwa umeshiba, atapakuliwa kabla hajaomba. Hilo ni kosa?"

Desanka alisogeza kiti chake karibu na kikongwe.

"Si kosa. Ni upendo. Lakini upawa wako unafika kabla tumbo lake halijasema neno. Sasa nikuombe kitu kimoja?"

"Omba."

"Kaa."

"Nikae wapi?"

"Hapa mezani. Ule nao. Tangu niingie hujakaa hata kidogo."

Vidosava alimtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo. "Nani atapakua?"

"Sufuria ibaki jikoni. Kila mtu apakue mara moja. Anayetaka tena, asubiri kwanza. Mzungumze. Kama baada ya hapo njaa ipo, ainuke mwenyewe akaongeze. Na wewe, kwa kuwa unakula, hutapata nafasi ya kumwangalia sahani."

Neda alicheka kwa sauti. Bibi yake alimpiga kofi dogo la begani, lakini hakuonekana kukasirika.

"Na kuna kingine," Desanka alisema. "Hayo maharage uliyoyachukia. Bado unajua kuyapika?"

"Naweza kuyapika nimefumba macho."

"Basi wewe ndiye daktari wa nyumba hii. Maharage, kabichi, mkate wa nafaka nzima, vina nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi hatuzimeng'enyi sisi. Zinafika kwenye utumbo mpana, kuna bakteria wengi sana huko, wazuri. Wanazila, na wanatoa vitu vinavyousaidia utumbo kutuma ujumbe wa shibe. Wataalamu bado wanachunguza mengi kuhusu bakteria hao. Lakini hakuna anayebisha kwamba maharage yanashibisha kwa muda mrefu na sukari yake inaingia kwenye damu taratibu."

"Chakula cha shida," Vidosava alinong'ona.

"Chakula cha utumbo," alisema Desanka.

Grozdana akauliza juu ya sindano ambazo watu wanazisema siku hizi, za kupunguza unene.

"Zipo," Desanka alijibu. "Zinaiga ile homoni ya utumbo inayosema simama. Wapo zinaowafaa sana. Lakini anayeamua ni daktari baada ya kupima, si jirani wala si simu. Na wewe Tihomir, vidonge vyako unameza kama ulivyoambiwa. Usiache kwa sababu umeanza kula maharage."

*

Siku ya kwanza Vidosava aliketi kwenye ncha ya kiti kama mtu anayesubiri basi. Aliinuka mara kwa mara kutafuta chumvi, ambayo ilikuwa mbele yake. Siku zilivyokwenda, akazoea. Akaanza hata kuwasimulia habari za shule yake ya zamani, na chakula kikapoa kwenye sahani za watu kwa sababu ya kumsikiliza.

Tihomir naye alianza kula asubuhi: mayai mawili, nyanya, mkate mweusi, mtindi usio na sukari. Mchana alikula stoo, maharage ya kuoka na vitunguu, au dengu, au hoho za kuchoma na jibini kidogo. Juisi iliondoka, maji yakaingia. Jioni familia ilitembea kando ya mto Nishava mpaka darajani na kurudi.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mwanzoni tumbo lilijaa gesi kwa maharage, na Neda alifungua madirisha kwa kelele nyingi. Desanka alishauri waongeze kidogo kidogo, na Tihomir anywe maji ya kutosha. Tena kuna Ijumaa moja Tihomir alinunua bureki ya nyama, ile pai ya mafuta, akaila nzima akiwa amesimama mlangoni mwa duka.

Alimwambia Desanka kwa aibu.

"Bureki moja haijamwangusha mtu," alisema Desanka. "Chakula kinachofuata, rudi kwenye utaratibu. Usisubiri Jumatatu."

Kiangazi, mizani ilisimama. Haikushuka hata kidogo, wiki baada ya wiki. Tihomir akaanza kununa.

"Ni kawaida," Desanka alimwambia. "Mwili ukipungua, unadhani kuna njaa mjini. Unaongeza hamu ya kula na unabana matumizi. Sukari yako lakini inaendelea kushuka, nimepima. Unalala vipi?"

"Nalala."

"Analala baada ya kila mchambuzi wa mpira nchini kumaliza kusema," alisema Grozdana.

"Basi zima hiyo televisheni. Usingizi mfupi unaamsha homoni ya njaa na unanyamazisha ya shibe. Na nitamwambia daktari kuhusu kukoroma kwako, hilo linapimwa."

Lilipimwa. Pumzi yake ilikuwa ikikatika usingizini, ndiyo maana alisinzia mchana. Alipewa kifaa chenye barakoa, cha kumsaidia kupumua usiku. Neda alisema baba sasa anafanana na rubani. Lakini rubani huyo aliamka asubuhi akiwa na macho maangavu, jambo ambalo Grozdana hakuwa ameliona kwa miaka.

*

Kisha ikaja Oktoba, na sikukuu ya Mtakatifu Petka, mtakatifu wa nyumba yao. Vipimo vya Tihomir vilikuwa wiki moja baadaye.

Siku kama hiyo wageni hawaalikwi, wanakuja. Walikuja wajomba, majirani, wenzake wa kazini, Bogosav na mkewe. Meza iliungwa na meza nyingine mpaka ikagusa mlango. Kulikuwa na nguruwe wa kuchoma, kabichi iliyoviringwa na nyama, saladi, pai za aina nne na keki za Grozdana.

Tihomir alipakua mara moja. Alikula nyama, kabichi na saladi nyingi. Akaweka uma chini, akaanza kuzungumza na Bogosav.

Mjomba wake Stojan alimwona kutoka upande wa pili wa meza. Stojan alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe.

"We Tihomir! Umeingia utawa?"

"Nimekula, mjomba."

"Umekula nini? Hicho ni chakula cha paka! Grozdana, unamnyima mumeo?"

Watu wakacheka. Mtu mmoja akasogeza sinia. Mwingine akasema, "Leo ni siku ya mtakatifu wako, usimuudhi." Stojan aliinuka mwenyewe, akachukua kipande kinono cha nguruwe na kukielekeza kwenye sahani ya Tihomir. Huo ulikuwa mwaliko wa tatu, na meza nzima ilijua maana yake. Tihomir aliona uso wake ukipata moto. Mkono wake ulikwenda kwenye uma.

"Stojan!"

Ilikuwa sauti ya Vidosava. Alikuwa ameketi kichwani mwa meza na sahani yake mbele yake. Wageni walikuwa wameshaona jambo hilo na kunong'ona, kwa maana hakuna aliyewahi kumwona Vidosava ameketi siku ya Mtakatifu Petka.

"Ndiyo, dada."

"Rudisha hiyo nyama."

"Lakini dada, mwenye nyumba hawezi kukaa na sahani tupu, watu watasema..."

"Watu waseme. Huyu ni mtoto wangu, nimemlisha miaka arobaini na sita, hakuna anayeweza kuniambia simjali. Amesema amekula. Acha tumbo lake lizungumze. Na wewe kaa chini, umekula sahani tatu na bado unapumua kama treni."

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Stojan alibaki amesimama na nyama kwenye uma. Mwishowe akaiweka kwenye sahani yake mwenyewe, akaitazama, akaisogeza pembeni.

"Kweli nimeshiba," alisema kwa mshangao.

Baada ya kahawa Tihomir aliinuka. Alikula kipande kidogo cha keki ya mke wake, taratibu, kwa sababu alikitaka. Hilo nalo si kosa.

*

Daktari mwenye nywele fupi alisoma majibu kwa muda mrefu. Tihomir alikaa wima, mikono magotini. Grozdana alisimama mlangoni na koti mkononi.

"Bado una uzito mkubwa," daktari alisema.

"Najua."

"Umepungua kilo kumi na moja, lakini bado. Vidonge unaendelea navyo. Kifaa cha usingizi unaendelea nacho." Akageuza karatasi. "Sukari iko karibu na kawaida. Presha nzuri. Ini limepungua mafuta. Umefanya nini?"

"Mama yangu ameketi," alisema Tihomir.

Daktari alimtazama Grozdana ili apate maelezo.

"Ni kweli," alisema Grozdana. "Kwa kifupi ni hivyo."

"Sawa. Nakuandikia kwamba unafaa. Utapimwa tena kila baada ya miezi sita. Na kuna sharti: mchana ule. Ukirudia kushinda na njaa na juisi kule juu, nitakushusha mimi mwenyewe."

Jumatatu Tihomir alipanda ngazi ya chuma. Alipanda bila kusimama kupumzika katikati. Kijana aliyeshika winchi yake alikuwa amepelekwa kwenye jengo jingine, na kiti cha kibandani kilikuwa kimesogezwa mbele. Tihomir alikirudisha nyuma, akajaribu vishikio vya kuendeshea, akatazama mji chini yake, mto na mapaa mekundu.

Asubuhi nzima alipandisha vyuma. Saa sita mchana alishusha ndoano, akafunga breki, akafungua bakuli la maharage.

Chini, msimamizi alitoka ofisini kwake.

"Nani amesimamisha winchi?" alifoka. "Kuna nini?"

"Anakula," alisema Bogosav.

"Anakula? Sasa hivi? Kwa muda gani?"

"Nusu saa. Daktari wake ameandika, na barua iko mezani kwako. Tena hata bila barua, mimi sisimami chini ya mzigo wa mtu mwenye njaa."

Mafundi walikuwa wameshaketi juu ya mbao na kufungua vifurushi vyao, na harufu ya vitunguu ilikuwa imeenea. Msimamizi alitazama juu kwenye kibanda. Akatazama saa. Kisha akageuka, akaenda kutafuta chakula chake mwenyewe.